Bukumbi, misheni iliyompokea Mwanga

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la Kigongo–Busisi Juni 19, 2025, foleni ya kusubiri kivuko imebaki simulizi. Ukitoka Mwanza mjini na kukata kona pale Usagara, unajikuta upande wa Sengerema kabla hujamaliza mazungumzo mliyoyaanza njiani. Kilomita 3 za daraja zimewaondolea watu adha ya miaka mingi, na wa kwanza kushukuru ni ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa Hospitali ya Bugando usiku na kukuta kivuko kiko ng'ambo.

Barabara hiyohiyo inapita Bukumbi, wilayani Misungwi. Siku hizi magari hayapunguzi mwendo. Wengi wanaijua Bukumbi kwa hospitali yake, kwa shule ya wasichana, au kwa makazi ya wazee wasiojiweza. Ni wachache wanaojua kwamba Kanisa Katoliki katika ukanda huu wa ziwa lina mizizi yake hapo, na kwamba hapo ndipo mapadre waliopoteza karibu kila kitu walipompa hifadhi mfalme aliyewachoma moto wanafunzi wao.

Mwanzo wake unajulikana. Msafara wa Mapadre Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, uliondoka Bagamoyo Juni 1878, ukamzika padre mmoja njiani, na kundi lililokuwa likielekea Nyanza likafika Kageye, ufukweni mwa ziwa, Desemba 30 mwaka huo. Januari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwishoni mwa 1882 hali ya Buganda iliwatisha, wakarudi kusini wakiwa na watoto waliowakomboa. Mwaka 1883 mtemi wa Bukumbi aliwapa mahali pa kukaa, pale Kamoga.

Hao watoto ndio waliokuwa kiini cha misheni. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa: mateka kutoka Buganda na nchi za jirani walishushwa ufukwe wa kusini, kisha wakapelekwa Tabora na kuendelea hadi pwani. Mapadre waliwanunua watoto kwa vitambaa, kwa fedha zilizochangwa na Wakatoliki wa Ulaya, wakawalea. Tangu enzi zile wapo waliosema kumnunua mtumwa, hata kwa nia ya kumwacha huru, ni kumpa mfanyabiashara sababu ya kurudi na wengine. Hoja hiyo ina uzito. Ila mtoto aliyesimama mbele yako na kamba shingoni hawezi kusubiri mjadala uishe, na Bukumbi walichagua kumfungua kamba kwanza.

Kisa chenyewe kinaanza 1886. Padre Nicq, aliyeandika maisha ya Lourdel, na Mwanglikana Robert Ashe katika kitabu chake Chronicles of Uganda, hawapendani sana kimadhehebu, lakini juu ya mambo makubwa ya miaka ile wanakubaliana. Kabaka Mwanga, kijana aliyerithi kiti cha Mutesa mwaka 1884, aliwageukia watumishi wa ikulu yake waliokuwa wamebatizwa. Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alikwenda Munyonyo kuwaombea. Hakusikilizwa. Alisimama akawaona vijana aliowafundisha sala wakipitishwa mbele yake wamefungwa. Juni 3, 1886, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketezwa Namugongo.

Ilipita miaka miwili na kidogo. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa, na mwezi uliofuata Wakristo nao wakafukuzwa na upande wa Waislamu walioshika madaraka. Wamisionari waliwekwa kizuizini, wakanyang'anywa mali, kisha wakasukumwa ndani ya mashua ya Waanglikana iliyoitwa Eleanor: Askofu Livinhac, Lourdel na wenzao pamoja na watoto wa misheni, na kando yao Gordon na Walker wa madhehebu waliyokuwa wakibishana nayo tangu 1879. Mbele ya Mutesa, Lourdel na mmisionari Mwanglikana Alexander Mackay waliwahi kuitana waongo, kila mmoja akidai dini ya mwenzake ni ya uzushi. Sasa watu wa pande hizo mbili walikuwa wakigawana ubao mmoja.

Katikati ya safari kiboko aliigonga mashua na kuitoboa. Maji yakaingia kwa kasi. Watoto kadhaa, ambao mapadre walikuwa wamewatoa utumwani, walizama hapohapo. Waliosalia walifika kisiwani, wakaiziba mashua kwa walichokuwa nacho, wakaendelea polepole hadi Bukumbi. Waanglikana wale wawili walipokelewa na mapadre Wafaransa kabla ya kwenda kwa Mackay kule Usambiro. Kwa watu waliokuwa wamerushiana maneno kwa miaka 9, hilo nalo si dogo.

Kisha akaja Mwanga. Baada ya kupinduliwa alikuwa amevuka ziwa kwa mtumbwi hadi Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu aliodhani ni rafiki. Walimpora na kumweka kama mfungwa. Miezi michache baada ya kukimbia kiti chake alipata njia ya kutoroka, akaja Bukumbi mikono mitupu. Mlangoni alikutana na Livinhac na Lourdel. Nyuma yao walikuwapo Waganda Wakristo na yatima waliofukuzwa kwao, na majina ya waliokufa Namugongo yalikuwa bado mapya vinywani mwao.

Wangeweza kumwambia aendelee na safari yake. Hakuna ambaye angewalaumu. Walimpa mahali pa kulala, wakamlisha, wakamfundisha katekisimu pamoja na wengine. Wapo wanahistoria wanaosema mapadre walikuwa wanapiga hesabu: Mwanga akirudi Buganda, atarudi akiwa na deni kwao. Sitaikana hesabu hiyo, na mwaka 1889 Mwanga kweli aliondoka katika mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes kwenda kupigania kiti chake, naye Lourdel akarudi Buganda, akafia huko mwaka 1890. Lakini hesabu peke yake haimtoshi mtu aliyeona alichokiona Munyonyo. Kumwekea sahani mtu kama huyo kila siku, kwa miezi, kunahitaji nguvu inayotoka kwingine. Watu wa Bukumbi waliipata kanisani, asubuhi, kabla ya kazi. Ninaamini hivyo, na sioni maelezo mengine yanayotosha.

Kila mwaka, Juni 3 ikikaribia, mabasi ya mahujaji huondoka Mwanza kwenda Namugongo kupitia Geita, Bukoba na Mutukula. Wanakwenda kuwaheshimu mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana wenzao waliokufa nao. Mabasi hayo hupita Bukumbi bila kusimama. Tunawafundisha watoto wetu mahali mashahidi walipouawa, hatuwafundishi mahali muuaji wao alipopewa chakula, wakati mahali penyewe pako kwetu. Hilo linaniuma.

Yaliyofuata yanasimuliwa haraka. Mwaka 1890 Jean-Joseph Hirth, aliyekuwa akifundisha hapo, aliwekwa wakfu kuwa askofu hapohapo Bukumbi; baadaye yeye ndiye aliyeipeleka misheni Rwanda. Makao ya uaskofu yalihama, Mwanza ikakua, na Kanisa likajenga mambo makubwa zaidi: Bugando juu ya kilima, iliyofunguliwa 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata na kurudishwa kwa maaskofu 1985, na chuo cha Nyegezi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Bukumbi ilibaki na wagonjwa wake, wanafunzi wake na wazee wake.

Lavigerie aliamuru kila misheni iandike shajara kila siku: nani amefika, nani amekufa, mvua imenyesha au la. Shajara hizo zimo Roma, kwenye nyaraka za shirika, kwa Kifaransa. Chuo cha Nyegezi kiko kwenye ghuba ileile ya ziwa ilipo Bukumbi, mwendo mfupi kutoka hapo, na ni mali ya maaskofu wetu wenyewe. Nakala inaweza kuombwa, na watu wa kuitafsiri kwa Kiswahili wapo. Jimbo Kuu la Mwanza na Halmashauri ya Misungwi wakiamua, kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa mahujaji.