Kinundu Kwenye Ulimi wa Mwalimu

Jembe la mwalimu ni ulimi. Kinundu kiliponiota ulimini baada ya kustaafu, kisicho na maumivu, jamaa zangu walinong'ona neno moja tu: saratani. Daktari alikitoa, kikapelekwa maabara. Jibu likaja: shwanoma, uvimbe usio saratani, utokanao na ala ya mshipa wa fahamu, ulimini huonekana kwa nadra.

Nikataka kujua asili ya jina hilo. Mwaka 1839 Mjerumani Theodor Schwann alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa miili ya wanyama, kama mimea, imejengwa kwa seli. Ndiye pia aliyezieleza seli zinazouvika ala uzi wa fahamu, nazo zikaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, uvimbe wa seli hizo uliendelea kuchanganywa na uvimbe wa namna nyingine, hadi mwaka 1910, José Verocay, mzaliwa wa Uruguay aliyefanya kazi Prague, alipoutenga na kuuita nyurinoma. Jina la shwanoma lilikuja baadaye.

Kuutenga huko hakukuwa mchezo wa maneno. Uvimbe huu hukua polepole, tena huusukuma mshipa kando. Hivyo mara nyingi mpasuaji huweza kuuondoa na kuuacha mshipa mzima.

Chuoni niliwaasa walimu wanafunzi wasimhukumu mtoto kabla ya kumjua. Waama, hata kinundu kina haki hiyo: kipimwe kwanza, kilio kingoje.