Baba mmoja, majina matano: jina la ukoo lilitoka wapi?

Vijana wenzetu wa Nakivale, leo tuongelee majina, juu wengi wetu tunakwama hapo. Fomu inauliza jina la ukoo, na sisi nyumbani tuko watoto watano, majina matano, baba mmoja. Mwenye kusoma fomu anashangaa: kweli hawa ni ndugu?

Tujue kwanza, hata wazungu hawakuanza na jina la ukoo. Chukueni Alexander Mackay, fundi na mmisionari Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, wakati wa Kabaka Mutesa. Mackay inatoka kwa MacAoidh, Kigaeli cha Uskoti. "Mac" ni mwana wa, sawa na "bin" ya Waarabu. Aodh ni jina la zamani, maana yake moto. Basi Mackay ni mwana wa Moto! Zamani kule milimani hiyo Mac ilibadilika kila kizazi, mtoto anafuata jina la baba yake tu. Baadaye ndiyo jina likaganda, likawa la ukoo mzima.

Kwetu halikuganda. Warundi na Wanyarwanda kila mtoto anapewa lake: Ndayishimiye ni "namshukuru Mungu", Nkurunziza ni "habari njema". Wakongo tuna Furaha, Mashaka, Riziki. Halafu mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya ubatizo ya kizungu, ndiyo maana wazee wengine wana jina moja kwa karatasi na lingine kanisani.

Hata majirani zetu wa Mbarara ni vilevile. Baba yake Rais Museveni aliitwa Kaguta. Mtoto alizaliwa wakati wa vita kuu ya pili, akapewa jina la Abaseveni, ndio askari waliotumika kikosi cha 7 cha jeshi la KAR. Saba kwa Kiingereza ni "seven", kumbe!

Kwa hiyo ndugu kutofanana majina si uongo, ni desturi yenye historia. Ila karatasi haijui desturi. Tuulize wazazi maana ya majina yetu wangali hai, tuyaandike. Na herufi zisibadilike: jina la kadi ya chakula liwe lilelile la cheti cha shule. Wakiuliza kwa nini hatufanani, tusiogope, tueleze.

Na wewe, jina lako linasema nini?