Siku Moja Kutoka Gati la Homa Bay

Msafiri wa melini hana hiari ya wakati. Honi ikilia hana budi arudi, hata kama hajaona nusu ya aliyoyaendea. Wageni washukao Nagasaki, ile bandari ya kale ya Japani, mara nyingi hupewa siku moja tu, na wengi wao huitumia kukitazama Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu, ambamo wafanyabiashara wa Uholanzi waliwekwa tangu mwaka 1641 kwa zaidi ya miaka 200, wasiruhusiwe kutoka humo ovyo. Si haba, kisiwa kile chaeleza mengi juu ya nchi iliyotaka bidhaa za wageni bila kuwataka wageni wenyewe.

Basi tuchukue bandari yetu wenyewe. Tuseme msafiri ameshuka asubuhi kwenye gati la Homa Bay, upande wa kusini wa ghuba ya Winam katika ziwa Nyanza, naye sharti awe amerudi kabla ya jua kuchwa. Ataona nini? Wako watakaomjibu upesi kwamba aende kisiwani Rusinga, mahali ambapo Mary Leakey aliokota mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na ambapo Tom Mboya alizikwa mwaka 1969. Hawakukosea hao. Lakini njia ya Rusinga imekwisha kanyagwa na wengi, nami nadhani msafiri huyu atajifunza zaidi akigeuza uso wake kusini.

Kabla hajaondoka, na asimame kidogo gatini. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba, mwaka 1901, na tangu hapo ziwa likawa kama barabara ya pili ya reli ile. Meli za ziwani hazikuja zikielea. Ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa baharini hata Mombasa, kisha zikaunganishwa tena Kisumu, msumari kwa msumari. Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, chombo kidogo. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Zilizunguka bandari ndogo ndogo kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikichukua ngozi, samli, simsim na pamba, na kuleta nguo, chumvi na majembe. Maduka ya Wahindi katika miji hii yalifuata meli, na si meli zilizoyafuata maduka.

Leo meli kubwa za namna ile hazina tena safari zao za zamani hapa. Barabara za lami zilizichukulia mizigo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 nchi tatu ziligawana vyombo vya ziwani, na safari za kulizunguka ziwa zikadhoofika. Tena ziwa lenyewe halikuwa rafiki wa gati. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili katika muda wa miaka mitatu hivi, na mwaka 2020 maji yalifika tena kimo kile, yakaingia katika nyumba na mashamba ya watu wa pwani. Waliojenga gati walipima ziwa la siku zao tu.

Kutoka mjini, mlima Asego ukiachwa nyuma umesimama kama pia iliyopinduliwa, njia yapita Rodi Kopany na Ndhiwa. Upande wa magharibi liko bonde la Lambwe, ambalo kwa miaka mingi watu waliliogopa kwa sababu ya mbung'o waletao malale. Wanyama walifaidika kwa hofu ile: mwaka 1966 bonde lilifanywa hifadhi, na mpaka leo ndiko makao ya mwisho ya korongo, swala yule mkubwa, katika nchi ya Kenya. Msafiri wa siku moja asiingie huko. Mbele yake kuna jambo kubwa zaidi.

Jambo hilo ni Thimlich Ohinga, katika wilaya ya Migori ya siku hizi, ambayo watu sasa huiita kaunti. Ohinga, kwa lugha ya Kiluo, ni boma. Msafiri aliyezoea kusikia kwamba watu wa bara walijenga kwa udongo na nyasi tu, atayakuta hapa maboma ya mawe, mengine yakiwa na kuta zilizozidi kimo cha watu wawili. Kubwa kuliko yote laitwa Kochieng. Kuta zake ni nene kiasi cha mita moja, na katika jengo zima hamna chokaa wala udongo wa kushikilia jiwe na jiwe.

Kuta zasimamaje, basi? Hapa ndipo ufundi ulipo, na mwanafunzi ajaribu kuufikiri. Mawe ya mlima ule hayakuchongwa, wala hayana umbo moja. Ukiyapanga safu moja tu yataporomoka. Mafundi walipanga uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe makubwa waliyoyachagua moja moja, kisha wakaijaza nafasi ya katikati mawe madogo madogo, safu zote tatu zikipanda pamoja na kuumana. Na kuta hazikunyoshwa, bali zajipinda kama nyoka, nao mpindo huo huongeza nguvu. Milango ni mifupi, nayo juu yake imelazwa mawe marefu ya kubeba uzito. Aingiaye huinama. Adui aingiaye huinama pia, naye akiisha kuinama kichwa chake kimo mikononi mwa mlinzi.

Ndani kuna maboma madogo ya ng'ombe na mbuzi, misingi ya nyumba, na mahali palipofuliwa chuma. Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota humo shanga za kioo zilizotoka nchi za mbali. Shanga moja si kitu kikubwa, lakini hushuhudia kwamba bidhaa za ng'ambo zilifika mlimani hapa zikipita mkono kwa mkono, kabla hapajawa na reli wala meli ya moshi. Kwa hiyo bandari ya Homa Bay haikuwa ya kwanza kuifungua nchi hii kwa ulimwengu.

Maboma haya yalianza kujengwa kama miaka 500 iliyopita, nayo si ya mlima huu peke yake. Katika nchi ya kusini ya ziwa yamehesabiwa zaidi ya 500, mengi yakiwa yamebomoka. Nani aliyajenga? Hili ndilo swali lenye moto, kwa maana ajibuye hutaka kusema pia kwamba nchi ni ya nani. Wapo wasemao ni Waluo, kwa kuwa majina ni ya Kiluo. Wapo wasemao ni watu wa lugha za Kibantu, waliokuwako kabla Waluo hawajafika. Ushahidi hauwapi wote wawili ushindi wanaoutaka. Watu wa makabila mbalimbali waliingia humo kwa zamu, na kila waliofuata walizitengeneza kuta walizozikuta, kwa mtindo uleule, wakaishi nyuma yake mpaka karne ya 20. Jina litajwalo leo ni la waliotangulia karibuni, na ukuta ni wa wote waliougusa. Kwa maoni yangu, kuukarabati ukuta wa mtu aliyekwisha ondoka, badala ya kuubomoa, si heshima ndogo kuliko kuujenga. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaandika maboma ya Thimlich katika orodha ya urithi wa dunia.

Saa za mchana zikiwa zimepungua, njia yateremka tena ziwani hata Karungu. Hapa pana ghuba tulivu, mitumbwi, na omena walioanikwa juani. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikuwa na kituo hapa, kabla ya makao kuhamishiwa Kisii. Mwaka 1911 Felix Oswald alikuja kutoka Uingereza kuichimba mifupa ya kale iliyogeuka mawe, na miongoni mwa wanyama wa ardhi ya Karungu yumo mmoja wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini.

Miaka mitatu baadaye, yaani Septemba, 1914, vita vya Wazungu vilifika ghuba hii. Wajerumani walivuka mpaka wakauteka mji wa Kisii. Waingereza wakapeleka askari kwa meli ya Winifred wapate kushuka Karungu, lakini waliikuta meli ya Kijerumani, Muansa, yenye mzinga, ikiwazuia. Winifred ilirudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na Kavirondo, na Muansa ikajiondoa. Chombo kilekile kilichochukua simsim na samli kilikuwa sasa chachukua risasi.

Askari walikuwa wachache wakilinganishwa na wapagazi. Vijana wa nchi hii ya ziwa walikusanywa kwa maelfu, wakapelekwa kubebea jeshi mizigo mpaka ndani ya nchi ya Tanzania ya leo, na wengi hawakurudi. Katika wapagazi waliotolewa na Kenya peke yake, waliokufa walizidi 40,000, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa jina ambalo midomo ya Waswahili ililigeuza kuwa Kariakoo. Wauza nguo na wauza mboga wa Dar es Salaam hulitaja kila siku wanapokwenda sokoni, na Nairobi nayo ina mtaa wake wa jina hilo.

Kutoka Karungu hata gatini ni mwendo wa kurudi kwa njia ileile, kupita Ndhiwa, na jua likiwa limekwisha kuinama msafiri hana nafasi tena ya kusimama njiani.