Boriti Kwenda Maskati, Bati Kurudi Unguja

Mwaka 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alikuwa ndani ya bumu la Wakuwait lililoingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti. Kwa nahodha wake, Ali bin Nasr al-Nejdi, safari ile haikuwa na jambo geni. Bumu lilishuka na kaskazi likiuza bandari kwa bandari, likapakia miti ya mikoko Rufiji, kisha likasubiri kusi ya kulirudisha kwao. Villiers aliisimulia safari hiyo katika kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940, na wanahistoria wa Bahari ya Hindi wamekitumia sana kwa habari za vyombo na mabaharia. Shehena yenyewe haikupewa uzito kama huo. Chombo kile kilikuwa kimebeba mapaa ya nyumba. Kuwait haikuwa na miti ya kujengea, na familia iliyotaka kuezeka chumba ilingoja mkoko kutoka Afrika Mashariki.

Biashara hiyo ilikuwa na lugha yake, na bado inasikika Lamu na Rufiji. Miti hupangwa kwa unene: fito ndiyo myembamba kuliko yote, hufuata pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Fito na pau zilikwenda kwenye kuta za udongo na mapaa ya makuti. Boriti ilikuwa ya nyumba ya mawe, kwani ndiyo iliyoweza kulala kutoka ukuta hadi ukuta na kubeba uzito wa chokaa. Lakini mkoko ulionyooka na wenye unene wa kutosha hautoi mti mrefu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu kama ushoroba lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu bila kuzidi sana. Vyumba vya zamani vya Bahrain na Kuwait vilikuwa na wembamba huohuo kwa sababu hiyohiyo. Mwenye nyumba angeweza kuongeza urefu wa chumba, au kuongeza ghorofa, au kuchonga mlango wa kifahari, lakini upana aliamuliwa na msitu wa kwenye matope.

Juu ya boriti walipanga vipande vya matumbawe, na juu ya matumbawe wakamwaga mchanganyiko wa chokaa, kokoto na udongo mwekundu, kisha wakaupiga. Neno ni hilohilo: kupiga sakafu. Watu walijipanga juu ya dari wakiwa na vibao vya mkononi na kuushindilia mchanganyiko ule kwa mapigo ya pamoja, wakiimba, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikabana. Wengi wao walikuwa wanawake, na katika karne ya 19 wengi walikuwa watumwa. Wasafiri wa Kizungu waliofika Unguja waliandika kuhusu nyimbo hizo kama sehemu ya burudani za mji. Haielekei kwamba waliokuwa juu ya dari, kwenye jua la saa saba, waliziona hivyo.

Husemwa mara kwa mara kwamba paa la bapa lililetwa na Waomani, na kwamba kuvuja kwa nyumba za Mji Mkongwe ni matokeo ya watu wa nchi kavu kujenga katika nchi ya mvua. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Maskati hupata takribani milimita 100 za mvua kwa mwaka, Unguja hupata zaidi ya 1,500, na masika peke yake yanaweza kuijaribu dari yoyote. Lakini magofu ya Kilwa na Gede yanaonyesha kwamba Waswahili walikuwa wakiezeka kwa boriti na chokaa karne nyingi kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja. Walijua wanachokifanya. Sakafu ilipewa mwinamo mdogo, makopo ya kutolea maji yalichomoza nje ya ukuta, na kila mwaka kabla ya masika nyufa zilizibwa kwa chokaa mbichi. Kwa hiyo paa la bapa halikuwa kosa la usanifu. Lilikuwa ni ahadi ya kazi isiyokwisha, na liliishi kadiri watu wa kuifanya kazi hiyo walivyokuwepo.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imekwisha kupata jibu jingine. Henry Robinson Palmer alipewa hataza ya bati la migongo mwaka 1829, na mbinu ya Mfaransa Stanislas Sorel ya kulipaka chuma zinki, ya mwaka 1837, ikalikinga na kutu. Bati lilifika Unguja kwa meli katika nusu ya pili ya karne hiyo. Picha za mji zilizopigwa kutoka baharini zinaeleza kilichofuata. Zile za zamani zinaonyesha mstari wa mapaa ya bapa wenye kingo kama meno. Za baadaye zinaonyesha vilima vya bati vilivyokaa juu ya nyumba zilezile. Dari ya chokaa haikuvunjwa. Ilifunikwa. Paa la migongo lilisimamishwa juu yake, na nafasi iliyobaki kati yake ikawa stoo, au jiko, au mahali pa njiwa.

Kwa mvua, bati lilikuwa rehema. Kwa maisha ya nyumbani lilikuwa na gharama ambayo haimo katika hesabu za fundi. Juu ya dari ndipo wanawake wa nyumba walipoanika nguo, walipopunga upepo wa jioni na kuzungumza na jirani wa dari ya pili bila kushuka barabarani. Bati lilipowekwa, mahali hapo pakawa joto na giza.

Ng'ambo ya mkondo mambo yalikuwa tofauti. Huko nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na paa lilikuwa la makuti yaliyoshonwa, likiwa na kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma na visusi viwili. Makuti huoza kila baada ya miaka michache na huwaka moto kwa dakika chache. Asiyeweza kununua bati alikata madebe ya mafuta ya taa, akayanyoosha na kuyapigilia. Dar es Salaam mtindo huo ulienea mitaa mizima. Lakini bati lilikuwa na maana nyingine kwa wakazi wa Ng'ambo, nayo ilihusu ardhi. Wengi walimiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Walilipa kodi ya kiwanja kwa wenye ardhi, na mwaka 1928 waligoma kuilipa, katika mojawapo ya harakati kubwa za watu wa kawaida Unguja kabla ya siasa za vyama. Nyumba ya makuti, kwa mtazamo wa mwenye kiwanja, ni kitu cha kupita. Aliyeinua bati juu ya kiwanja kisicho chake alikuwa ametangaza, bila kuandika barua, kwamba haondoki.

Haishangazi basi kwamba bati lilikuwa alama ya maendeleo kwa kizazi cha uhuru, kiasi cha kumkera Julius Nyerere. Katika tathmini yake ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, mwaka 1977, aliwalaumu wananchi kwa kung'ang'ania saruji na bati ilhali tofali za kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa vijijini. Kwa mantiki ya ujenzi alikuwa na haki: kigae hakipigi kelele wakati wa mvua wala hakigeuzi chumba kuwa tanuri. Alichokosa kukipima ni kwamba kwa mtu ambaye babu yake aliishi juu ya kiwanja cha mwingine, bati halikuwa kifaa cha ujenzi tu.

Mwaka 1964 uligeuza swali la paa kuwa swali la nani yupo na nani hayupo. Baada ya Mapinduzi, maelfu walikimbia au walifukuzwa Unguja, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa. Waliohamia ndani walikuwa wapangaji wa serikali wenye kodi ndogo, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja. Mpangaji hakuwa na sababu wala uwezo wa kupanda juu na chokaa kabla ya masika, na serikali ilikuwa ikielekeza saruji yake Ng'ambo, kwenye majumba ya Michenzani yaliyobuniwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Si haki kumlaumu mpangaji, ingawa lawama hiyo husikika sana katika barza za Maskati. Chokaa ya kila mwaka ilihitaji mwenye nyumba mwenye watu wa kumfanyia kazi, na utaratibu huo ulikuwa umekwisha, tena kwa sababu ambazo hakuna anayepaswa kuzijutia zote.

Hapo ndipo bahari ilipoanza kufanya kazi kinyume. Kuwait ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1946, Oman mwaka 1967, na saruji na chuma zikaondoa haja ya boriti katika majengo ya Ghuba. Sultan Qaboos alishika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo, wakiwemo wengi waliozaliwa Unguja na kuzungumza Kiswahili nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje, lakini kufikia wakati huo soko lenyewe lilikuwa limekwisha kufa. Majahazi hayakupeleka tena mapaa kaskazini. Zikaja fedha kusini, kwa mkono wa msafiri, kwa hawala, baadaye kwa simu, na kwa kiasi kikubwa zilikwenda juu ya nyumba: bati jipya, kenchi mpya, mifereji mipya.

Fedha hizo zilikuja na ugumu wake. Nyumba ya ukoo kwa kawaida ina warithi wengi, na baada ya vizazi viwili sheria ya mirathi huigawa katika mafungu madogo yasiyoweza kukaliwa wala kuuzwa. Nyumba nyingine ni wakfu, haiuzwi kabisa. Mmoja yuko Sohar, mwingine Leicester, na shangazi au binamu ndiye anayelala ndani na kuweka ndoo chini ya tone. Anayelipa anaikumbuka dari kama alivyoiacha akiwa na umri wa miaka tisa. Anayekaa anaijua ilivyo. Kisheria, kulipia paa hakumwongezei mrithi fungu lake bila makubaliano, lakini katika mazungumzo ya familia paa lililolipiwa huwa ushahidi, na wako ndugu walioacha kusemezana kwa sababu ya risiti za bati. Kukataa mchango wa ndugu aliye nje kumewahi kuwa njia ya kulinda haki ya kubaki, na nyumba ikaendelea kuvuja.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, huwa la kiufundi, na hufanywa kwa nia njema. Dari inapovuja, fundi humwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani. Baadaye humwaga jingine, na siku hizi huwa saruji, kwa kuwa aliyetuma fedha anataka kitu cha kudumu. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huuziba ndani. Maji hutafuta njia kwenye ukuta wa matumbawe, yanafika kwenye ncha za boriti zilizochimbiwa humo, na boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki, huku mzigo juu yake ukizidi kila miaka kumi. Chini, chumba kimepakwa rangi. Methali ya asiyeziba ufa hujenga ukuta huelekezwa ukutani, ilhali mafundi wa zamani waliangalia juu kwanza.

Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, halikuwa nyumba ya kawaida. Lilikuwa na nguzo za chuma na dari pana kuliko boriti yoyote inavyoruhusu. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati uliogharimiwa na Serikali ya Oman, na watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo, katika familia nyingi za Mji Mkongwe, mazungumzo kuhusu paa yamepata uzito ambao risiti hazikuupa.

Mafundi waliofunzwa ukarabati wa mji huu, tangu Mamlaka ya Hifadhi ilipoundwa mwaka 1985, hufuata mpangilio ambao mwenye haraka hauupendi. Kwanza huondoa: saruji, kisha matabaka ya chokaa moja baada ya jingine, mpaka boriti zionekane. Kisha kila boriti hugongwa na kusikilizwa. Kwa kuwa mikoko sasa hukatwa kwa kibali na iliyonyooka ni adimu, iliyooza ncha haitupwi. Hukatwa sehemu mbovu, na mti uliobaki, uliotoka msituni pengine kabla ya wenye nyumba kuzaliwa, huhamishiwa kwenye chumba chembamba zaidi: choo, ngazi, au ukumbi wa nyuma.