Trakoma: ugonjwa wa macho unaopenda pahali maji ni shida

Trakoma ni ugonjwa wa macho unaoambukiza, unaoletwa na mikrobe inayoitwa Chlamydia trachomatis. Kati ya magonjwa yote ya kuambukiza, ndio unaopofusha watu wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu watu karibu milioni 1,9 waliopofuka ao wanaoona kwa shida juu yake. Jirani yetu Burundi ilitambuliwa na OMS mwaka 2025 kuwa imeumaliza kama tatizo la afya ya watu wote. Congo haijafika hapo.

Unaharibu jicho namna gani?

Mara nyingi mutoto ndiye anapata wa kwanza. Macho yanakuwa mekundu, yanawasha, yanatoa tongotongo. Akiambukizwa mara moja, anaweza kupona bila alama. Shida ni kurudia: mwaka kwa mwaka, ngozi ya ndani ya kope inapata makovu, kope inajikunja, na nywele zake zinakwaruza jicho kila mara muntu anapofumba na kufumbua. Mwishowe kioo cha jicho kinakuwa cheupe. Mama anayepofuka akiwa mutu mzima, mara nyingi alianza kuambukizwa akiwa mutoto mudogo.

Nani yuko katika hatari?

Watoto ambao hawajaanza masomo, na wanawake wanaowalea. OMS inasema wanawake wanaweza kupofuka kwa trakoma hadi mara 4 kuliko wanaume. Mikrobe inapita kwa mikono, kwa kitambaa, na kwa inzi. Mama akipangusa watoto watatu kwa ncha moja ya kitenge, anawagawia mikrobe bila kujua. Pahali chanzo cha maji kiko mbali, bido moja inagawanywa kwa kunywa na kupika. Uso wa mutoto unakuja wa mwisho. Inzi wanaofuata macho wanazaliana katika mavi ya watu yaliyoachwa inje, kwa hiyo kukosa choo ni hatari pia. Kulala wengi chumba kimoja kunaongeza.

Lakini si kila jicho jekundu ni trakoma. Hata pahali penye umaskini, kama mikrobe haipo, ugonjwa haupo.

Unapimwaje?

Kuhesabu wagonjwa wanaokuja kituo cha afya hakutoshi, maana wengi hawaji. Wachunguzi wanapita nyumba kwa nyumba, wanageuza kope ya juu na kutafuta vipele vya ndani. Kama watoto wa miaka 1 hadi 9 wenye dalili wanafika 5% ao zaidi, inafaa watu wote wa eneo wapewe dawa, hata wenye macho mazima. Wengine wanakataa: «Niko muzima, dawa ya nini?» Sababu ni kwamba mutoto aliyepona akirudi kucheza na mwenzake mugonjwa, ataambukizwa tena.

Kazi ya kupigana nao

Kwa Kifaransa mupango unaitwa CHANCE. Ndani yake kuna mambo 4: upasuaji wa kope, antibiotiki, kunawa uso, na kutengeneza mazingira, ni kusema maji na vyoo. Antibiotiki ni azitromisini, ambayo kampuni ya Pfizer inaitoa bila malipo. Watoto wachanga wa chini ya miezi 6 wanapakwa mafuta ya tetrasiklini. Dawa bila maji na choo, mikrobe inarudi.

Nywele za kope zikigusa jicho

Wengi wanazingoa. Zinaota tena, na zinaendelea kukwaruza. Inafaa kuuliza kituo cha afya ao relais communautaire wa mtaa pahali wanafanya upasuaji. Ni upasuaji mudogo: wanachoma sindano ya kutuliza maumivu kwenye kope, na mugonjwa anarudi nyumbani siku ile ile. Unasimamisha uharibifu, lakini haurudishi mwanga uliokwisha kupotea. Ndiyo maana kuchelewa kunalipwa kwa macho.