Tatu kwa Moja

Jumapili moja, mezani kwa jirani yangu huku South B, nilishambulia kilima kwa nguvu 11. Yeye alikuwa na 4. Nilijiona nimefika. Akahesabu polepole, akacheka. "Buda, 11 kwa 4 si tatu kwa moja. Hiyo ni mbili kwa moja." Katika michezo hii hesabu hukatwa kumfaa anayelinda. Ningekuwa na 12 ningekuwa salama. Nikarusha dadu, ikatua sita, kikosi changu chote kikaondolewa ubaoni.

Nguvu moja tu. Niliudhika hadi nikakosa hamu ya chai.

Kama hujawahi kuiona michezo hii, fikiria ramani iliyogawanywa vyumba vya pembesita kama sega la asali. Juu yake kuna kete ndogo za kadibodi, na kila kete ni kikosi. Imeandikwa namba mbili: nguvu ya kupigana na hatua inazoweza kwenda. Pembesita zina sababu. Ukitumia miraba, anayekwenda mshazari anasafiri mbali kuliko anayekwenda moja kwa moja, ilhali mnahesabiwa hatua sawa. Kwenye pembesita, majirani wote sita wako umbali mmoja.

Wazo la kutumia dadu na majedwali kuamua nani amekufa ni la zamani. Huko Prussia, Reisswitz mwana aliwafundisha maafisa wa jeshi mchezo wake mwaka 1824. Lakini huu mtindo wa kete za kadibodi ulianzishwa na Charles S. Roberts, Mmarekani wa Maryland, aliyetoa mchezo uitwao Tactics mwaka 1954. Ule ulikuwa bado wa miraba. Kampuni yake, Avalon Hill, ilihamia pembesita mwaka 1961. Urithi mkubwa wa Roberts ni jedwali la matokeo: unalinganisha nguvu za pande mbili, unarusha dadu, unasoma kilichotokea.

Humo kwenye jedwali ndimo inamoishi sheria ambayo kila mchezaji anaijua hata akiamshwa usiku: tatu kwa moja. Kwenye jedwali la kale la Avalon Hill, ukishambulia kwa mbili kwa moja, kuna nafasi moja kati ya sita kwamba wewe mshambulizi utafutwa kabisa. Ukifika tatu kwa moja, hatari hiyo inaondoka. Baya zaidi linaloweza kukupata ni kubadilishana: adui anaondoka, nawe unatoa nguvu zinazolingana na zake. Kwa hiyo kushambulia ni kazi ya kuhesabu. Unaokota nguvu huku na huku hadi zitoshe mahali pamoja, na hapo ndipo unapogundua kwamba umepaacha pengine patupu.

Halafu kuna kafara. Kila kete huyabana majirani zake sita, na sheria za kale zinakulazimisha kumshambulia kila adui uliyemgusa. Sasa ukitaka kumponda mmoja kwa tatu kwa moja, na mwenzake yuko kando, unafanyaje? Unachukua kikosi chako dhaifu kuliko vyote, unakituma kumshambulia yule mwenzake kwa uwiano wa kijinga. Kitakufa, karibu hakika. Lakini kimekununulia shambulizi lako kubwa. Nilipofundishwa mbinu hii niliiona ya werevu sana.

Anayelinda naye ana akili zake. Hahitaji kujaza ukuta mzima. Kwa sababu kila kete inabana majirani zake, ukiweka kikosi kimoja na kuruka vyumba viwili, mstari bado umefungwa. Anakaa nyuma ya mto au juu ya kilima, mahali ambapo nguvu zake huhesabiwa mara mbili. Anahakikisha ana njia ya kurudi, maana kete iliyozingirwa ikiamriwa kurudi nyuma na haina pa kupita, imekufa. Zaidi ya yote, anaweka akiba. Mlinzi asiye na akiba anangoja tu kupigwa.

Mapigano yanayonifundisha haya kuliko yote yalitokea hapa kwetu, Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India kikosi cha watu karibu 8,000 chini ya Meja Jenerali Aitken. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck alifanikiwa kukusanya takribani 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nane kwa moja! Ukiniambia hivyo mezani, sihitaji hata kurusha dadu.

Ila jedwali halisomwi kwa jumla ya ramani nzima. Linasomwa mahali kete zinapogusana. Tarehe 2, manowari Fox iliingia Tanga na nahodha wake akataka mji usalimu amri, kisha muda ukapita. Lettow-Vorbeck alikuwa na reli ya Usambara, ile inayotoka Tanga hadi Moshi, kilomita karibu 350. Wakati Waingereza wanashusha watu Ras Kasone, yeye anashusha askari kwenye stesheni. Asubuhi ya tarehe 3, Waingereza walishambulia na batalioni mbili tu, wakarudishwa. Shambulizi kubwa lilikuja siku iliyofuata, kupitia mashamba ya minazi na mipira, watu wakiwa wamechoka na safari ndefu ya meli. Baadhi waliingia hadi mjini. Lakini upande wa kushoto ulivunjika, na hapo ndipo Lettow-Vorbeck alipoitoa akiba yake na kuutwanga ubavu huo. Nyuki wakali wa mashambani nao walitibuliwa na risasi, wakawauma wote bila kubagua. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma bunduki za rashasha na risasi kwa mamia ya maelfu. Waliokufa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 800.

Basi jirani yangu na mimi tukaamua kuchora ramani yetu wenyewe ya vita vile, kutoka Taveta hadi kusini kabisa. Pembesita moja, mwendo wa siku moja kwa miguu. Tulimaliza wikendi tatu. Ikafika kwenye chakula.

Michezo mingi hulitatua hili kwa urahisi: unachora mstari kutoka kikosi chako hadi kituo chako. Mstari usipokatwa na adui, umekula. Hakuna malipo. Jirani yangu, ambaye kazi yake ni kupanga mizigo ya malori, akaniuliza: "Kwani huo mstari unabebwa na nani?"

Mimi nilijua jibu, kwa sababu kwetu linasemwa kwa sentensi moja. Babu yake shosho wangu alishikwa akapelekwa Kariakor, hakurudi. Ni hayo tu. Hakuna picha, hakuna kaburi. Jina la Kariakor pale Nairobi, kama lile la Kariakoo kule Dar es Salaam, linatokana na kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Tunalitaja kwenye matatu kila siku.

Tukaketi na kalamu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Barabara ni tope, na wanyama wa mizigo wanauawa na mbung'o, kwa hiyo ni miguu tu. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula 20. Amefikisha kilo 5. Askari 1,000 wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji wapagazi 200 wafike kila siku. Na kwa kuwa safari nzima ni siku 20, lazima wapagazi 4,000 wawe njiani muda wote.

Adui akirudi nyuma pembesita moja tu, safari inakuwa siku 11. Mpagazi sasa anafikisha kilo 3. Unahitaji zaidi ya wapagazi 7,300. Akirudi nyingine, siku 12, mpagazi anafikisha kilo 1. Sasa unahitaji 24,000, kuwalisha watu walewale 1,000.

Tulirudia hesabu mara mbili. Jirani yangu akaweka kalamu chini.

Hapo ndipo nilipoielewa ile vita. Lettow-Vorbeck anasifiwa vitabuni kama bingwa wa kulinda kwa kurudi nyuma. Kweli hakushindwa waziwazi. Alisalimu amri Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Kila alipobanwa alirudi hatua, na kila hatua ilikuwa pigo kwa anayemfuata. Lakini pigo lilimwangukia nani? Majenerali walikuwa wanakula. Aliyelipa ni mtu mwenye gunia kichwani. Na Lettow-Vorbeck naye alikuwa na wapagazi wake, akachukua chakula cha wanakijiji. Huko Ugogo, baada ya majeshi yote mawili kupita, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya.

Na ile tatu kwa moja yangu? Kuongeza nguvu kutoka mbili hadi tatu ni kuongeza wapagazi wengine maelfu nyuma ya kila kete. Mwaka 1917, wakati majenerali walipotaka nguvu zaidi, serikali ya kikoloni hapa ilifanya msako mkubwa wa wanaume, chini ya John Ainsworth. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 40,000, na makadirio ya wanahistoria yanakaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, malaria, njaa na uchovu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawa hawakuandikwa majina popote. Walijulikana vizuri walipohitajika kuhesabiwa mizigo.

Tulibishana kuhusu kuwaweka ubaoni. Mimi nilitaka kete za wapagazi, 500 kwa kila kete, na zife. Jirani yangu hakutaka. "Ukiwafanya kete, umewafanya mchezo, jo. Babu yenu umemweka kwa kadibodi." Nilimwambia wameshafanywa mstari usioonekana, na hilo ni baya zaidi. Hatukukubaliana siku hiyo. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: sawa, lakini zisiwe na namba ya nguvu, na zisihesabiwe katika ushindi. Mshindi asipate pointi hata moja kwa kuwaua wala kwa kuwaokoa. Wawepo tu, uwaone. Nilikubali.

Tulicheza mara ya kwanza mwezi uliopita. Yeye alikuwa Mjerumani. Nilimpiga Kilimanjaro, nikaiteka reli, nikamsukuma kusini kama vitabu vinavyosema. Nilikuwa nacheza vizuri, wacha nijisifu. Kila shambulizi tatu kwa moja, kila ubavu umefunikwa. Nyuma yangu mstari wa kete za wapagazi ulirefuka hadi ukavuka meza, tukalazimika kuhamisha vikombe.

Ikafika saa mbili usiku. Alikuwa amebaki na kete chache, nami nilikuwa siku 11 kutoka kituo changu. Akakirudisha kikosi chake pembesita moja. Akaniangalia.

"Unafuata?"

Nilijua bei, tulikuwa tumeipiga wenyewe kwa kalamu. Nilijua pia kwamba nisipofuata, mchezo utaisha sare, na nilikuwa nimecheza saa sita. Nilitazama ule mstari mezani. Sitakudanganya kwamba nilisita sana. Nilihitaji nguvu 12 na nilikuwa nazo 12 kamili.

Nikafuata.

Nilishinda, kwa kubadilishana. Tulipomaliza tukaanza kukusanya kete kwenye mifuko yake ya plastiki. Za vikosi zilikwisha upesi, hazikuwa nyingi. Za wapagazi zilituchukua muda, na tulipozihesabu zilikuwa zimepungua moja. Tuliinua kiti, tukatazama chini ya kochi kwa tochi ya simu. Jirani yangu akasema tutakata nyingine kesho.

"Hapana," nikamwambia, "tutafute hii."