MiG-21 ya sentimita 20: jinsi modeli ya plastiki ya ndege ya kivita inavyoundwa

Ndege ya kivita ya MiG-21 ina urefu wa karibu mita 14 na nusu, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni mita 7 na sentimita 15. Gawanya vipimo hivyo kwa 72, utapata kitu chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Kinaenea kwenye sahani ya wali. Rubani wake, kama angewekwa, hangezidi sentimita 2 na nusu.

Ndani ya nafasi hiyo ndogo kuna watu wanaoweka mikanda ya kiti, saa za mbele ya rubani, maandishi ya onyo pembeni mwa injini na alama za moshi kwenye mkia. Kazi moja huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Makala haya yanaeleza inavyofanyika, na kwa nini mtu ahangaike hivyo.

Kwa nini 72?

Namba hiyo ilitoka kwa Waingereza na vipimo vyao vya inchi na futi. Inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi, na futi sita ni inchi 72. Kampuni ya Uingereza iliyotumia jina la Frog ilianza kuuza ndege za plastiki za kuunganisha kwa kipimo hicho mwaka 1936. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, modeli za kipimo hichohicho zilitumika kufundisha askari na walinzi wa anga kutofautisha ndege ya adui na ya kwao kwa kuona umbo lake tu. Baada ya vita kazi hiyo ikawa burudani. Airfix, pia ya Uingereza, ilitoa ndege yake ya kwanza ya plastiki, Spitfire, mwaka 1953. Leo kuna watengenezaji wakubwa Japani, Urusi, China na Jamhuri ya Czech, na 1/72 bado ni miongoni mwa vipimo vinavyopendwa zaidi, kwa sababu ndege haimalizi nafasi yote nyumbani.

Wengi wetu tumekua tukiona watoto wakiunda ndege na magari ya waya, makopo na kandambili zilizokatika. Kazi ya plastiki ni ndugu wa ile, ila mtoto wa waya hapewi vipande wala karatasi ya maelekezo. Kwa upande huo, yeye ndiye fundi zaidi.

Ndege yenyewe

Tumechagua MiG-21 kwa sababu ni miongoni mwa ndege za kivita zilizotengenezwa kwa wingi kuliko zote zinazozidi kasi ya sauti. Muungano wa Kisovieti ulitengeneza zaidi ya 10,000, na nyingine zilitoka India na Czechoslovakia. Zimetumika Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. India, iliyoanza kuzipokea mwaka 1963, iliziaga rasmi Septemba 2025.

Afrika Mashariki nayo inaijua. Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo, na makomando wa Israel walipovamia uwanja wa Entebbe Julai 1976 kuwaokoa mateka, waliharibu ndege kadhaa za MiG zilizokuwa zimeegeshwa hapo ili zisiwafuate angani. Jeshi la anga la Tanzania limetumia F-7, ndege ya China iliyoundwa kwa kufuata MiG-21. Ukiziona kwa mbali ni pacha. Kwa muunda modeli ni ndege mbili tofauti, na anayenunua boksi la moja akitaka kuunda nyingine atajikuta na kazi ya kuchonga.

Upelelezi kabla ya gundi

Watu wanaoanza hufungua boksi na kushika gundi. Waliozoea huanza na picha.

MiG-21 ilitoka katika matoleo mengi kwa zaidi ya miaka 25, na kila toleo lina dalili zake. Ya mwanzo, F-13, ina mrija mrefu wa kupimia kasi uliokaa chini ya pua, na kuba la kioo la rubani hufunguka kwa kuelekea mbele. Za baadaye kama MF zina mrija huo upande wa juu wa pua, kioo hufunguka kwa ubavu wa kulia, na mgongo wa ndege nyuma ya rubani umenenepa. Ukichanganya kioo cha toleo moja na mgongo wa jingine, umeunda ndege ambayo haikuwahi kuwepo.

Kisha kuna swali la ndege ipi hasa, maana kila moja ina namba yake. Chukua namba 5121 ya Vietnam, ambayo imehifadhiwa Hanoi. Vietnam inasema ndiyo aliyoruka nayo Phạm Tuân usiku wa tarehe 27 Desemba 1972 alipoiangusha ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, B-52. Marekani haikubali: inasema B-52 zake zilizoanguka siku hizo zilipigwa na makombora kutoka ardhini. Tuân mwenyewe alikwenda anga za juu mwaka 1980, wa kwanza kutoka nchi yake. Muunda modeli anayebandika namba 5121 kwenye mkono wa plastiki amejiingiza katika ubishi huo, apende asipende. Vilevile anayeunda MiG ya Amin atapaswa kueleza watu wanaoiona mezani kwake kwa nini ameichagua. Jibu linaweza kuwa zuri tu, kwamba ni historia yetu na haina budi kuonekana, lakini awe nalo.

Kilichomo kwenye boksi

Vipande huja vimeshikamana kwenye fremu za plastiki, kama maembe machanga kwenye kikonyo. Plastiki ni polistirini, jamii ileile ya vikombe vingi vya mtindi. Kiwandani huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu la chuma. Kuna pia fremu ya vioo, karatasi ya maelekezo, na karatasi ya alama: bendera, namba na maandishi madogo yanayobandikwa kwa maji.

Boksi za ghali huongeza karatasi nyembamba ya shaba iliyochongwa kwa tindikali, yenye mikanda na vitufe visivyozidi ukubwa wa punje ya chumvi. Ukiangusha kimoja sakafuni, kihesabu kimepotea.

Kipande hukatwa kwa koleo kali au wembe, mbali kidogo na ukingo wake, kisha kinachobaki husawazishwa kwa msasa laini. Ukikata karibu mno, plastiki hunyofoka na kuacha shimo. Msasa utumie na maji, ili vumbi lisiingie kifuani.

Chumba cha rubani na uzito wa pua

Ujenzi huanzia ndani. Chumba cha rubani hupakwa rangi na kukamilishwa kabla nusu mbili za kiwiliwili hazijafungwa, kwa kuwa baadaye mkono hauingii. Ndege za Kisovieti za wakati huo zilipakwa ndani rangi ya kijani inayoelekea buluu, na ukiipata rangi hiyo mtu anayezijua ataitambua modeli yako kabla hajaona bawa. Mikanda ya kiti, kama hukupewa, hukatwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Inakunjika na kulala kama kitambaa.

Kabla ya kufunga, pima mizani. Ndege yenye gurudumu la pua ikiwa nyepesi mbele itakaa kwa mkia, na hakuna dawa yake baada ya gundi kukauka. Weka chubwi ya mshipi wa kuvulia samaki ndani ya koni ya pua, ishikize vizuri isicheze, ndipo ufunge.

Gundi inayoyeyusha

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Ni kimiminika kinachoyeyusha plastiki yenyewe: kingo mbili huwa laini, huchanganyika, na kimiminika kikiruka hewani vinabaki kitu kimoja. Kwa hiyo unakutanisha vipande vikavu kwanza, kisha unagusa mstari kwa brashi nyembamba na gundi inajivuta yenyewe ndani ya upenyo. Ukibonyeza taratibu, plastiki iliyoyeyuka hutokeza kama uzi mwembamba juu ya mshono. Usiufute. Uache ukauke siku nzima, kisha usugue kwa msasa, na mshono utatoweka. Pale penye pengo kubwa hutumika puti laini, ndugu wa ile ya mafundi wa bodi za magari.

Gundi hii haishiki shaba. Hapo ndipo supaglu inapohitajika. Lakini isikaribie kioo: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Kioo cha rubani hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Tahadhari moja ambayo haipaswi kurukwa. Mvuke wa gundi hizi na wa tina ya rangi unaumiza kichwa na mapafu, na unashika moto. Fanya kazi penye dirisha wazi, mbali na jiko na kibatari. Mtoto mdogo asiachiwe wembe wala chupa ya gundi.

Hesabu ya unene

Kinachosaliti modeli mara nyingi ni unene wa vitu kuliko rangi. Ukingo wa nyuma wa bawa wenye milimita moja ni sawa na sentimita 7 kwenye ndege halisi, unene wa tofali jembamba. Ndiyo maana ukingo huo husuguliwa kwa ndani hadi uwe kama makali ya kisu. Mapengo kati ya mabati ya ndege, tuseme ya milimita 2, yangekuwa chini ya sehemu ya thelathini ya milimita kwenye modeli, membamba kuliko unywele. Hayawezi kuonekana, kwa hiyo watengenezaji huyachora mapana kidogo. Ni uongo uliokubalika. Boksi za zamani zilikuwa na mistari iliyoinuka badala ya kuzama, na wengi huifuta yote na kuichora upya kwa ncha ya sindano wakifuata rula laini. Binafsi naona juhudi hiyo ina maana kwenye ndege ya rangi ya fedha, ambapo mistari ndiyo uso wake. Kwenye ndege ya mabakamabaka mengi, mpaka umalize nusu yake haionekani.

Hesabu hiyohiyo inahusu rangi. Tabaka la sehemu ya kumi ya milimita ni kama kuipaka ndege halisi rangi ya unene wa milimita 7. Wenye uwezo hutumia bomba dogo la kupuliza kwa hewa. Asiye nalo atumie brashi laini na rangi iliyozimuliwa, tabaka mbili au tatu nyepesi, kila moja ikauke. Kwanza hupakwa rangi ya msingi ya kijivu, ambayo hufichua kila mkwaruzo uliodhani umeuondoa. Vioo hufunikwa kwa utepe wa karatasi uliokatwa kwa wembe kufuata fremu zake.

Alama, uchafu na sindano

Alama za maji hupenda uso unaong'aa. Zikibandikwa kwenye rangi isiyong'aa, hewa hunasa chini yake na kutoa weupe kama ukoko. Hivyo ndege hupakwa vanishi ya kung'aa kwanza. Alama huloweshwa sekunde kadhaa, huteleza kutoka kwenye karatasi, na husogezwa mahali pake kwa brashi yenye maji. Dawa maalumu ya kulainisha huzifanya zizame kwenye mistari hadi zionekane zimechorwa.

Kisha rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana hupitishwa kwenye mistari na kufutwa juu, ibaki ndani tu. Hapa wengi hupitiliza. Ndege ya kivita huoshwa na kuhudumiwa, haifanani na lori la mkaa. Tazama picha uone uchafu unakaa wapi hasa: kuzunguka mdomo wa injini, nyuma ya magurudumu, pale mafundi wanapokanyaga bawa. Vanishi isiyong'aa hufunga kazi yote, isipokuwa kwa ndege ya fedha, ambayo huachwa ing'ae.

Unabaki mrija wa pua. Wa plastiki ni mnene na hukatika ukiguswa na kitambaa. Mafundi huukata na kuweka sindano nyembamba ya bomba la dawa, mpya na isiyotumika, wakiwa wametoboa shimo lake mapema kabla ya rangi. Ni chuma, imenyooka, na ina tundu kama mrija halisi. Ncha yake kali hukatwa au hunolewa iwe butu, na huingizwa siku ya mwisho kabisa, baada ya ndege kusimama kwa magurudumu yake.